Papa na mtumwa mbele ya brashi moja: namna wachoraji wanavyoitoa tabia ya mtu usoni

Kama umewahi kupiga picha ya pasipoti au ya viza, na sisi wa ughaibuni tumezipiga hadi tumechoka, basi amri zake unazijua kwa moyo. Usitabasamu. Funga mdomo. Tazama mbele. Usiinamishe kichwa. Wenye kulinda mipaka hawatuamrishi hivyo kwa ukatili. Mashine zao hupima umbali wa jicho na jicho, wa pua na kidevu, na tabasamu huvuruga vipimo. Lakini matokeo yake ni kwamba kila mmoja wetu anatembea na kijitabu chenye picha inayomfanana kabisa, na ambayo mama yake mzazi akionyeshwa atasema: "Ndiye, lakini siye."

Neno hilo la mama ndilo mada yetu ya leo. Ni kitu gani kilichokosekana katika picha ile, ilhali macho yapo, pua ipo na kovu la utotoni lipo mahali pake? Na imekuwaje kwamba watu walioishi karne nyingi kabla ya kamera, wakitumia rangi ya kusagwa na mafuta ya kitani, waliweza kukiweka kitu hicho juu ya kitambaa, hata sisi tunaokuja leo tukasimama mbele ya mtu aliyekufa zamani na kusema huyu alikuwa mjanja, huyu mpole, na huyu usingemkopesha fedha?

Tunajua wapo wasomaji wetu ambao dini yao inawafanya wasite mbele ya picha za viumbe wenye roho, na tunawaheshimu. Kwetu pwani, kwa sababu hiyo na nyinginezo, mikono ya mafundi ilikwenda zaidi kwenye milango, nakshi za chokaa na hati za Kiarabu. Kazi ya kueleza uso tuliwaachia washairi. Hata hivyo kuusoma uso si jambo geni kwetu. Waswahili ndio waliosema kwamba uso umeumbwa na haya, na kwamba si kila anayekuchekea ni rafiki. Wachoraji tutakaowataja leo walikuwa wakishughulika na mambo hayo hayo mawili.

Kukasirika na kuwa mkali

Lugha yetu inatusaidia sana hapa. Mswahili hasemi jambo moja anaposema "amekasirika" na anaposema "ni mkali". Kadhalika "amecheka" si sawa na "ni mcheshi". Aliyenuna amenuna asubuhi ya leo na huenda jioni akacheka, bali mtu wa kisirani ni wa kisirani Idi na Krismasi. La kwanza ni tukio, la pili ni tabia. Taabu ya mchoraji ni kwamba uso unaonyesha tukio, naye anatakiwa atoe tabia.

Wapo waliodhani kazi hiyo inaweza kuandikiwa kanuni. Mwaka 1668, Charles Le Brun, mchoraji mkuu wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alitoa mhadhara katika Akademia ya wachoraji mjini Paris. Aliorodhesha hisia za binadamu moja baada ya nyingine: woga, hasira, mshangao, huzuni, dharau. Kwa kila moja alichora uso wake, na akashikilia kwamba nyusi ndizo zinazosema zaidi kuliko kiungo kingine. Michoro hiyo ilichapishwa kitabuni mwaka 1698, baada ya yeye kufariki, na kwa muda mrefu ikatumika kama kamusi. Unataka hasira? Fungua ukurasa, nakili.

Ukiitazama michoro ile leo, hisia unazitambua mara moja, lakini mtu humwoni. Ni kama vinyago vilivyopangwa rafuni. Woga upo, ila hakuna mwoga. Hasira ipo, ila hujui ni ya nani wala imetoka wapi.

Rembrandt wa Uholanzi alianza na mchezo huo huo akaishia mahali pengine kabisa. Mwaka 1630, akiwa kijana wa miaka 24 hivi, alisimama mbele ya kioo akatoa macho, akakunja ndita, akacheka, akaachama kama mtu aliyeshtuka. Kila mara alichora alichokiona kwenye bamba la shaba. Mojawapo ya vichoro hivyo lina ukubwa wa sentimita 5 tu. Alikuwa anajifunza misuli ya uso kama fundi seremala anavyojifunza mbao, ipi inapinda na ipi inapasuka.

Sasa nenda katika jumba la National Gallery mjini London, ukamtazame huyo huyo Rembrandt wa mwaka 1669, mwenye miaka 63, katika mwaka wake wa mwisho duniani. Kabla ya hapo alikuwa amefilisika mwaka 1656, na mali yake ikauzwa. Mwaka 1663 alimzika Hendrickje, mwanamke aliyeishi naye, na mwaka 1668 akamzika mwanawe Titus. Angekuwa Le Brun angempa machozi au nyusi zilizopanda katikati. Rembrandt hakujipa lolote kati ya hayo. Mdomo umetulia, mikono imeshikana, macho yanatutazama bila kutuomba kitu. Ngozi ya mashavu ameijenga kwa rangi nzito, tabaka juu ya tabaka, hata mtu aona kama anaweza kuigusa. Usoni humo hakuna tukio hata moja, na ndiyo maana miaka yote 63 inaonekana.

Mdomo hutii amri, macho hayatii

Je, wanafanyaje? Hapana budi tuingie kidogo katika ufundi wenyewe.

Mchoraji mzuri anajua kwamba uso una sehemu zinazotii amri ya mwenyewe na sehemu zisizotii. Mwaka 1862 tabibu wa Kifaransa Guillaume Duchenne alichapisha kitabu cha majaribio yake. Alipitisha umeme kidogo katika misuli ya uso mmoja mmoja na kupiga picha kilichotokea. Aligundua kwamba misuli inayovuta pembe za mdomo mtu anaweza kuiamrisha apendavyo. Bali msuli unaozunguka jicho, ule unaokunja ngozi ya pembeni na kuinua shavu, kwa kawaida hauitiki vizuri mpaka furaha yenyewe ije. Kila mwenye nyumba aliyewahi kupokea mgeni asiyemtaka analijua hilo bila umeme wa Duchenne: meno yako nje, macho yanaangalia saa.

Basi mchoraji hutafuta pale mdomo unaposema hili na macho yakasema lile. Tabia ya mtu hukaa katika tofauti hiyo. Mdomo unaotabasamu chini ya macho makavu unatupa mtu wa hesabu. Mdomo uliofungwa kabisa chini ya macho yenye bashasha unatupa mtu anayejizuia kucheka, na huyo tunampenda hapo hapo. Tofauti yenyewe yaweza kuwa ndogo kuliko upana wa punje ya mchele, na mchoraji akiikosea, mcheshi anageuka mnafiki.

Leonardo da Vinci alikuwa na njia nyingine. Pembe za mdomo na pembe za macho ndizo tunazozitegemea kusoma uso, naye katika picha ya Mona Lisa, iliyoko Louvre mjini Paris, alizifunika kwa kivuli laini kama moshi, pasiwe na mstari unaoonyesha tabasamu linaanzia wapi na kuishia wapi. Mwaka 2000 mtaalamu wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Harvard, Margaret Livingstone, alieleza kwamba tabasamu lile limetengenezwa kwa vivuli vipana ambavyo pembe ya jicho huvishika vizuri kuliko katikati ya jicho. Ukimtazama mama yule machoni, mdomo wake unaonekana kucheka. Ukishuka kuutazama mdomo wenyewe, kicheko kinafifia. Hivyo mtazamaji hapewi jibu, anaachwa akimsoma bila kumaliza, kama tunavyowasoma watu hai.

Jambo la tatu ni muda. Kamera hunasa nukta moja, bali mchoraji hukaa na mtu saa nyingi, mara nyingine miezi. Mwaka 2002 mchoraji David Hockney alipokaa achorwe na mwenzake Lucian Freud mjini London, alikaa kwa zaidi ya saa 100. Hakuna binadamu awezaye kushikilia tabasamu la heshima kwa muda huo. Saa ya kwanza mtu huja na uso wa wageni. Baadaye shingo inachoka, mawazo yanakwenda kwenye madeni na watoto, na uso wa wageni unaanguka wenyewe. Mchoraji anakuwa akiusubiri uso wa pili. Ndiyo moja ya sababu watu wa picha za kale ni nadra kuonyesha meno. Kicheko hakikai, na mchoraji alitaka kinachokaa.

Roma, mwaka 1650

Mfano ulio bora kuliko yote tunaoujua ni wa picha mbili zilizochorwa na mtu mmoja, katika mji mmoja, ndani ya mwaka mmoja.

Diego Velázquez, mzaliwa wa Seville na mchoraji wa Mfalme Philip wa 4 wa Hispania, alikuwa Roma kuanzia mwaka 1649 akitafuta sanamu na michoro kwa ajili ya jumba la mfalme wake. Alikuwa amefuatana na msaidizi wake wa karakana, Juan de Pareja, mzaliwa wa Antequera, kusini mwa Hispania, mwenye asili ya Kiafrika. Tunasema msaidizi, lakini kwa hakika Pareja alikuwa mtumwa. Velázquez alimmiliki kama alivyomiliki meza na brashi zake.

Velázquez alitaka kumchora Papa Innocent wa 10, na mwandishi wa maisha yake, Antonio Palomino, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 18, anasema kwamba alianza kwa kumchora Pareja ili aupashe mkono moto. Picha hiyo ilionyeshwa hadharani katika jengo la Pantheon mwezi Machi 1650. Palomino anaongeza kwamba Pareja alipotumwa kuipeleka picha hiyo kwa marafiki wa bwana wake, walisimama wakimtazama mtu na kutazama picha, wasijue wazungumze na yupi.

Picha yenyewe leo iko katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Tuitazame. Mwili umegeuka upande, lakini kichwa kimetugeukia sisi. Hakuinamisha uso, wala hakuuinua kwa majivuno. Macho yako sawa na yetu, yametulia, hayakwepi. Mwanga umeangukia paji la uso na kushuka kwenye shavu. Midomo imefungwa bila kubanwa. Mkono mmoja umepita mbele ya kifua ukishika joho. Ukiambiwa huyu ni balozi wa nchi fulani utakubali. Ukiambiwa ni mali ya mtu, utauliza tena.

Angalia alichokifanya mchoraji. Hakuweka hisia yoyote ya kwenye kamusi ya Le Brun, ile ambayo ingechapishwa baadaye. Hakuna huzuni ya mtumwa wala shukrani ya mtumwa, mambo mawili ambayo wanunuzi wa picha wa zama zile walizoea kuyaona katika nyuso nyeusi zilizowekwa pembeni mwa picha za mabwana. Aliweka mtu anayetazama. Anayetazama ana mawazo yake, na mawazo ya mtu hayana bwana.

Kisha ikaja zamu ya Papa. Innocent, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Giovanni Battista Pamphilj, alikuwa na zaidi ya miaka 70. Katika Roma hapakuwa na mkubwa kuliko yeye. Ameketi juu ya kiti cha enzi, joho jekundu, kofia nyekundu, pazia jekundu nyuma yake, na hata ngozi ya uso imeiva wekundu. Mkono mmoja una pete, mwingine umeshika karatasi yenye jina la Velázquez. Kila kitu katika picha kinasema "mkubwa". Lakini uso unasema jambo jingine. Nyusi zimesogeleana. Midomo imebana. Macho yanatutazama kwa pembe, kama ya mwenye duka aliyemwona mteja akitia mkono mfukoni. Ni uso wa mtu asiyemwamini yeyote, na ambaye kwa cheo chake labda alikuwa na sababu.

Inasimuliwa kwamba Papa alipoiona alisema ni ya kweli kupita kiasi. Kama alisema au hakusema, waandishi wa historia wanabishana. Lisilo na ubishi ni kwamba hakuichana. Palomino anasema alimtunuku mchoraji mkufu na medali ya dhahabu. Picha ilibaki mikononi mwa ukoo wake, na mpaka leo imetundikwa katika jumba la Doria Pamphilj mjini Roma. Miaka 300 baadaye, mwaka 1953, mchoraji Francis Bacon aliirudia picha hiyo akampa Papa mdomo uliopasuka kwa ukelele. Ni picha ya kutisha, lakini kwa maoni yetu Velázquez alitisha zaidi kwa mdomo uliofungwa.

Tuziweke picha mbili bega kwa bega. Mwenye kila kitu ana wasiwasi machoni. Asiye na chochote, hata nafsi yake kisheria, ana utulivu. Sisi hatudai kwamba Velázquez alikuwa mpigania haki. Alikuwa mtu wa ikulu, na alimiliki binadamu mwenzake kwa miaka mingi bila kusutwa. Tunachosema ni kwamba brashi yake haikuuliza cheo. Ilipofika usoni ilimtendea Papa na mtumwa kwa kipimo kimoja.

Tarehe 23 Novemba mwaka huo huo wa 1650, mjini Roma, Velázquez alitia saini hati ya kumpa Pareja uhuru wake, kwa sharti la kutumikia miaka 4 zaidi. Hatuwezi kujua kama ile saa ya kumtazama usoni ndiyo iliyomfikisha hapo. Pareja akawa mchoraji kwa haki yake. Kazi yake kubwa, Wito wa Mtakatifu Mathayo ya mwaka 1661, iko Prado mjini Madrid. Ndani yake amejichora mwenyewe upande wa kushoto, akiwa ameshika karatasi yenye jina lake. Wataalamu kadhaa wameona kwamba hapo alijipa rangi nyepesi kuliko ile aliyopewa na Velázquez. Msomaji anayeishi ughaibuni hahitaji maelezo marefu kulielewa hilo. Mtu huru naye hupimia uso wake kwa macho ya waliomzunguka.

Wakubwa na nyuso zao

Tumekaa sana na picha hizi mbili kwa sababu zinagusa jambo linalotuhusu. Uso wa mkubwa ni wa nani? Ni wake, au ni wa wanaotawaliwa naye?

Katika ofisi za serikali za Afrika Mashariki, na katika maduka mengi, picha ya rais hutundikwa ukutani juu ya kichwa cha mwenye kiti. Uso ni ule ule: umenyooka, umepigwa mwanga kutoka pande zote, hauna kivuli cha kuweza kuhifadhi siri. Katika chumba cha habari tulichofanyia kazi kabla ya kuondoka nchini, picha ya mkubwa haikupita mpaka ihakikishwe kwamba hakufumba jicho, hakukunja uso, na hakuonekana mfupi kuliko aliyesimama naye. Habari yenyewe iliweza kuwa na makosa matatu na ikachapishwa. Ilikuwa heri kukosea takwimu kuliko kukosea uso.

Wala si Afrika peke yake. Mwaka 1954, Winston Churchill alipotimiza miaka 80, Bunge la Uingereza lilimzawadia picha iliyochorwa na Graham Sutherland. Ilizinduliwa tarehe 30 Novemba katika ukumbi wa Westminster. Sutherland alimchora akiwa ameketi, mikono imeshika kiti, kichwa kizito kimezama mabegani, uso wa mzee mkaidi aliyechoka na asiyekubali kwamba amechoka. Churchill aliitaja hadharani kuwa ni mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa, na ukumbi ukaangua kicheko. Faraghani aliichukia. Picha ikapelekwa nyumbani na haikuonekana tena. Mwaka 1978, baada ya kifo cha mkewe Clementine, ilijulikana kwamba aliamuru iteketezwe. Mtu aliyestahimili mabomu ya Hitler, nyumba yake haikustahimili uso wake mwenyewe. Michoro ya awali ya Sutherland imebaki, na humo waweza kuona kilichowaudhi: si ubaya wa sura, bali ni uzee.

Barack Obama, mwana wa Mkenya, aliufanyia mzaha mtego huo huo. Picha yake iliyochorwa na Kehinde Wiley ilipozinduliwa mjini Washington mwezi Februari 2018, aliwaambia waliohudhuria kwamba alijaribu kumwomba mchoraji ampunguzie mvi na masikio, akakataliwa yote mawili. Ameketi mbele ya ukuta wa majani na maua, mojawapo ni yungiyungi la buluu la Afrika kwa ajili ya Kenya ya baba yake. Na lile tabasamu pana lililoijaza dunia katika kampeni ya mwaka 2008 halipo. Ameinama kidogo mbele, mikono imepishana, uso unasikiliza. Wiley aliliacha tukio akachukua tabia, au angalau ile tabia ambayo mwenyewe angependa ikumbukwe.

Wakenya kwa upande wao walilikata suala hili kisheria. Katiba yao ya mwaka 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu. Walikuwa wamebadilishana mkate na maziwa kwa nyuso za marais wao tangu uhuru, na wakaona inatosha.

Waliorudishiwa nyuso

Upo upande wa pili wa sarafu hiyo, nao ni wa wale ambao nyuso zao hazikuwahi kuchorwa. Hapa wana wa Afrika Mashariki wana mchango unaostahili kujulikana zaidi nyumbani.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga, baada ya baba yake kufariki. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kazi yake ya mwaka 2004 iitwayo Naming the Money ina watu 100 waliochorwa kwenye mbao, wenye kimo cha mtu kamili: wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya, wale wale tuliosema waliwekwa pembeni mwa picha za mabwana. Himid amewatoa pembeni akawasimamisha katikati ya chumba, na kila mmoja amempa jina lake la asili pamoja na lile alilobandikwa. Unapita kati yao kama unavyopita sokoni, nao wanakutazama. Juan de Pareja angekuwa na wenzake 100.

Everlyn Nicodemus alizaliwa Kilimanjaro mwaka huo huo wa 1954, akaenda Sweden miaka ya 1970, na baadaye akafika Scotland. Mwaka 2022 jumba la National Portrait Gallery la London lilinunua picha aliyojichora mwaka 1982, nayo ikawa picha ya kwanza ya rangi ya mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia katika hazina ya jumba hilo. Humo hakujichora uso mmoja. Nyuso zimepandana, moja ndani ya nyingine. Wataalamu wanaweza kuieleza kwa maneno mengi, lakini aliyewahi kuwa mama nyumbani, mgeni barabarani na mtaalamu ofisini, yote hayo siku moja na kwa lugha tatu, ataielewa kabla ya kusoma kibandiko cha ukutani.

Namna ya kutazama

Tumalizie kwa ushauri wa manufaa. Wasomaji wetu walioko London wanaweza kuingia National Gallery na National Portrait Gallery bila malipo, na walioko Washington wanaweza kuingia National Portrait Gallery ya huko bila kutoa senti. Chukua watoto. Simama mbele ya picha moja, usikimbilie ya pili. Nyanyua kiganja chako mbele ya jicho ufunike mdomo wa yule aliyechorwa, umsome kwa macho yake tu. Kisha funika macho umsome kwa mdomo. Kisha gawa uso kwa wima, upande wa kulia na upande wa kushoto. Utashangaa, mara nyingi utakutana na watu wawili. Baada ya hapo ondoa mkono na ujiulize swali moja: huyu ananitazama mimi, au anangoja nimtazame?

Na ukirudi nyumbani, iwe Muscat, Leicester, Toronto au Tanga, kama una mzee aliye hai, usiridhike na picha yake ya kitambulisho wala ile ya harusi ambamo ameambiwa acheke. Kaa naye. Mwache azungumze mpaka asahau kwamba anatazamwa. Kama una mkono wa kuchora, chora. Kama huna, tumia kamera, lakini subiri uso wa pili. Wengi wetu tulioko mbali tumezika wazazi kwa simu, na tulichobakiwa nacho ni picha ya pasipoti iliyokuzwa na kutiwa fremu. Ndiye, lakini siye. Wanetu wasirithi hiyo peke yake.